Kanisa limekataa kumzika baba yangu. Ni hukumu ya haki, au ni kuhukumu?

#1 Kijana wa Ziwa
Bwana Yesu asifiwe. Na wengine salaam.

Tumemzika baba Alhamisi iliyopita, nyumbani, nyuma ya zizi. Kanisa halikuja. Jina la kanisa silitaji na msiniulize, maana sikuja kushitaki, nimekuja kuuliza.

Sababu waliyotupa ni moja: baba na mama waliishi miaka 31 bila ndoa ya kanisani. Ni kweli, hawakufunga. Babu upande wa mama alisema mahari iishe kwanza, walikuwa wamebaki ng'ombe watatu. Babu akafa, wajomba wakagombana nani apokee, mwaka ukavuta mwaka. Baba alibatizwa, alipata kipaimara, choo cha usharika alikijenga kwa mikono yake, na bahasha ya ahadi hakuwahi kuiacha. Ila kwenye meza ya Bwana hakuruhusiwa, naye alikubali. Kila Jumapili ya chakula cha Bwana alitoka nje akakaa chini ya mwembe hadi waimbe wimbo wa mwisho. Nikiwa mdogo nilidhani anapenda kivuli.

Alipofariki, mwinjilisti alitumwa kutuambia jeneza lisiingizwe kanisani, kwaya isije, mchungaji hatakuja. Kaburi lilichimbwa na majirani, wengi wao Waislamu. Sala aliiongoza baba mdogo. Alisoma Zaburi 103, akafika kwenye "kama vile baba awahurumiavyo watoto wake", akashindwa kuendelea.

Sasa linaloniumiza. Miezi minane nyuma kanisa hilohilo lilimzika mfanyabiashara mmoja mkubwa. Kijiji kizima kinajua nyumba zake tatu na wanawake waliomo. Yeye alifunga ndoa ya kanisani na yule wa kwanza, kwa hiyo kwenye daftari alikuwa safi. Walikuja wachungaji wanne na kwaya mbili, na mahubiri ya mtumishi mwaminifu yalichukua saa nzima.

Mathayo 7:1 Yesu anasema msihukumu. Je, walichotufanyia ni kuhukumu? Na kama Mungu ni wa haki, hawa wawili anawasoma kwenye daftari gani?

#2 Dada Hazina
Pole sana mdogo wangu. Bwana awatie nguvu, hasa mama.

#3 Kipimo
Pole ndugu. Nitasema jambo ambalo hutalipenda, na nalisema nikiheshimu msiba wako.

Mathayo 7:1 watu wanaichukua neno moja tu, kisha wanafunga kitabu. Soma hadi mstari wa tano: "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe; ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kibanzi kinatolewa. Yesu hakusema kiachwe humo. Na Paulo anawauliza Wakorintho waziwazi, 1 Wakorintho 5:12, "Ninyi hamwahukumu hao walio ndani?" Kanisa lisiloweza kumwambia mtu wake "hapa umekosea" limebaki kikundi cha kuimba. Marehemu alijua utaratibu kwa miaka 31. Mchungaji angemzika, Jumapili inayofuata angewaambia nini vijana wanaoishi kinyumba?

#4 Mdadisi
Kipimo, na vijana hao walijifunza nini walipoona mwenye nyumba tatu anazikwa na wachungaji wanne? Hapo umeparuka. Yesu alishamaliza kesi kwenye Mathayo: asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe.

#5 Mwalimu wa Zamu
Mdadisi, ni Yohana 8:7, si Mathayo.

Na kabla ya jiwe kuna swali ambalo wahubiri wengi hulipita. Walawi 20:10 inataja mwanamume mzinzi na mwanamke mzinzi, adhabu ni ya wote wawili. Wale waandishi na Mafarisayo wamemleta mwanamke peke yake, na wanasema amefumaniwa katika tendo lenyewe. Fumanizi la mtu mmoja halijawahi kutokea duniani. Mwanamume yuko wapi? Wamemwachia njiani. Kwa hiyo hata kwa sheria waliyoishika mkononi, kesi ilikuwa imeharibika kabla Yesu hajainama kuandika chini.

Uaminifu unanidai niongeze hili: kisa hicho hakimo katika nakala za mkono za kale zaidi za Injili ya Yohana, kama vile Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Ndiyo maana tafsiri nyingi mpya hukiweka kwenye mabano. Makanisa yamekipokea hata hivyo, nami nakifundisha.

#6 Mdadisi
Nimesahihishwa, mwalimu. Hiyo ya mwanamume kuachiwa njiani sikuwahi kuiona.

#7 Mzee Boriti
Hodi. Mimi ni Mwislamu, nimepita tu. Kijana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzazi wako. Na hao majirani waliochimba kaburi, usiwasahau.

Nimesimama kwenye neno boriti kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nimeuza boriti miaka mingi, mkoko na msinzi kutoka delta ya Rufiji. Zamani zilipakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba yote, maana kule mti wa kubebea dari hawana. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu na Unguja utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Ni gogo la kubebwa begani na mtu mwenye nguvu.

Sasa mtu mwenye boriti jichoni, mimi naona shida yake inaanzia mbali kuliko kutoona vizuri. Hapiti mlangoni. Akikusogelea akutoe kibanzi, kabla mkono wake haujafika boriti imeshakugonga usoni. Yesu alikuwa seremala, alijua anasema nini.

#8 Kipimo
Shikamoo mzee wangu. Hiyo naichukua, nitaihubiri.

#9 Mdadisi
Kipimo, ukiihubiri umtaje mzee. Usije ukasema umefunuliwa usiku.

Lakini tuseme ukweli, Wakatoliki ndio wagumu kuliko wote. Aliyejinyonga kwao hazikwi, ndiyo sheria yao.

#10 Katekista Mstaafu
Hapana, ilikuwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwataja waliojiua kwa makusudi kati ya wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Sheria mpya za mwaka 1983 zimewaondoa kwenye orodha. Kanuni ya 1184 sasa inataja walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangekuwa kwazo kwa waamini. Wote hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu. Na Katekisimu ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa sheria yetu, mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hapatikani bila usumbufu mkubwa, ndoa inaweza kufungwa mbele ya mashahidi wawili tu. Kanuni ya 1116. Mleta mada, baba yako angekuwa kwetu, ndoa ingeweza kufungwa palepale kitandani na wale ng'ombe watatu wakiwa bado hawajalipwa.

Lakini sijaandika ili kutusifu. Nimekuwa katekista miaka 34 na nina deni. Kwenye jumuiya yetu alikuwepo mama mmoja aliyeacha kuja. Tulimtembelea mara mbili, mlango umefungwa. Tukamwandika mtoro. Alipofariki, mimi ndiye niliyesimama nikasema, huyu hakushiriki, tusiende na msalaba wa jumuiya. Nikashinda. Baada ya mazishi mwanawe akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Mama yake alikuwa anamuuguza dada yake mwenye UKIMWI chumba cha nyuma, miaka ile ambayo neno hilo halikutamkwa. Alikuwa akijifungia ili sisi tusimwone mgonjwa. Tulipokuwa tunagonga, alikuwa ndani, anatusikia.

Sikukosea sheria. Mahudhurio yake yalikuwa sifuri kweli.

#11 BintiKidia
Katekista, umenifanya niache kupika.

Kwetu Kilutheri hadithi ni mimba. Nilikuwa kwaya ya vijana. Rafiki yangu akapata ujauzito, akatengwa, akasimamishwa mbele ya usharika siku ya kurudi kundini, kichwa amefunika kanga, anajibu maswali. Kijana mwenyewe alikuwa nyuma yetu, sauti ya besi, anaimba wimbo wa toba. Sote tulijua. Hakuulizwa kwa sababu mimba haikuwa tumboni mwake. Mwalimu wa Zamu anauliza mwanamume wa Yohana 8 yuko wapi. Mimi najua, alikuwa kwenye besi.

Siku hizi sharika nyingi zimelainisha, mazungumzo yanafanyika ofisini. Lakini yule dada hakurudi kanisani hadi leo, na kijana ni mzee wa kanisa.

#12 Mdadisi
Haya yote tuliletewa na wamisionari. Babu zetu walikuwa na njia za kupatana, mzungu akaja na daftari la kutenga watu.

#13 BintiKidia
Usiwaweke wote kapu moja, kaka. Kwetu Uchagani alifanya kazi Bruno Gutmann kati ya 1902 na 1938, miaka mingi akiwa Old Moshi, Mjerumani wa misheni ya Leipzig. Alitetea kwamba ukoo na ujirani wa Wachaga ndio msingi wa kujengea usharika, mpaka wenzake wakamwona amezidi. Na babu zetu nao walijua kutenga. Waulize wazee wako msichana aliyepata mimba kabla ya unyago alifanywa nini kwenye makabila kadhaa. Kutengwa kanisani kungekuwa nafuu.

#14 Wa Makueni
Poleni majirani. Huku Kenya ningesema hivi: tafuteni kiti cha mbele. Yakobo 2 inaeleza yote, mtu mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama kule. Mfanyabiashara wa mleta mada alihukumiwa kwa haraka zaidi kuliko marehemu, ila aliachiliwa.

Lakini mambo yanabadilika. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa michango ambayo Rais Ruto alikuwa ameitoa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, hukohuko Nairobi, akaagiza irudishwe. Siku ile nilimwambia mke wangu, leo kuna mtu amesoma Yakobo.

#15 Dada Hazina
Mimi ni mweka hazina wa usharika wangu, naomba nisikilizwe bila kupigwa mawe. Si kila mara ni pesa ya kununua hukumu. Tajiri ana watu wa kumtetea kwenye baraza. Ana shemeji mzee wa kanisa, ana mtoto kwaya kuu, ana mdogo wake kamati ya ujenzi. Jina lake likitajwa, watu watatu wanakohoa. Jina la fundi wa choo likitajwa, kimya. Nimekaa kwenye vikao hivyo, na kimya hicho nakijua. Hakuna aliyehongwa.

#16 Mdadisi
Dada Hazina, kukohoa nako ni hongo.

#17 Dada Hazina
Labda. Ila ukikaa pale utaona ilivyo ngumu kumsemea asiye na mtu.

#18 Mchungaji Kijana
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mchungaji, mwaka wa sita kwenye huduma.

Kwanza, mleta mada, mchungaji wenu hakuamua peke yake, baraza la wazee lipo. Pili, kanisa halina macho ya Mungu. Linaona kilichoandikwa na kilicho hadharani. Yule mfanyabiashara alikuwa na cheti cha ndoa, na kumtia hatiani kungehitaji mashahidi wawili au watatu kama Mathayo 18 inavyosema. Nani angesimama ashuhudie? Wote walikuwa wanamdai au wanadaiwa. Marehemu baba yako hakuhitaji shahidi kwa sababu mwenyewe hakuficha. Nalisema kwa uchungu: utaratibu wetu unamkamata mkweli.

Suala hili kanisa la Afrika limeligombania mapema sana. Baada ya Kaisari Diocletian wa Roma kuwatesa Wakristo walitokea Wadonato, Afrika ya Kaskazini, waliosema makasisi waliosalimisha vitabu vitakatifu wamechafua kanisa, na wao wakabaki kanisa la wasafi. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, aliwajibu kwa mfano wa magugu na ngano: acheni vyote vikue hata wakati wa mavuno, kwa maana mkikusanya magugu mtang'oa na ngano. Mkutano mkubwa wa pande hizo mbili ulifanyika Karthago mwaka 311, na Wadonato wakashindwa.

#19 Mwalimu wa Zamu
Mchungaji, ni 411. Hiyo 311 inakaribia mwanzo wa mgogoro, miaka 100 kabla, na Augustino alikuwa hajazaliwa.

Na tusimalizie hadithi kwenye mfano mzuri. Augustino huyohuyo baadaye alikubali dola itumie nguvu kuwarudisha Wadonato kanisani. Aliyesema acheni magugu yakue, alikuja kukubali jembe la mwenye serikali. Namheshimu sana, na hilo linanitisha zaidi kuliko lingefanywa na mtu mbaya.

#20 Mchungaji Kijana
Kweli, 411. Shukrani.

#21 Kipimo
Ila magugu na ngano, Yesu mwenyewe anaeleza kwenye Mathayo 13:38 kwamba konde ni ulimwengu. Si kanisa. Ulimwenguni yaache yakue, kanisani pana 1 Wakorintho 5. Augustino alinyoosha mfano.

#22 Mwalimu wa Zamu
Hoja hiyo ndiyo waliyoileta Wadonato, karibu neno kwa neno. Sikulaumu, nakuonyesha tu umekaa na nani.

#23 Nshomile wa Kyaka
Mnabishana juu ya nani azikwe na nani. Mimi swali langu ni la mleta mada la mwisho, haki ya Mungu yenyewe.

Mimi ni wa Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia kwetu, wakalipua daraja la Kyaka, wakaua, wakapora ng'ombe na mabati. Baba yangu mkubwa alichukuliwa ng'ambo ya mto na hatukupata hata mwili. Mwaka uliotangulia Amin alikuwa amemuua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana la Uganda. Na Amin amefaje? Alifia hospitalini Jeddah Agosti 2003, mzee, watoto wake wako hai, hajasimama mbele ya hakimu hata siku moja. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda baada ya Luwum kuuawa, alisema hadharani amemsamehe Amin. Nilipokuwa kijana nilikasirika sana. Nikasema, amesamehe cha nani? Baba yangu mkubwa hakuwa wake.

Ayubu 21 inauliza kwa nini waovu wanaishi, wanazeeka, wanaongezeka nguvu. Nimelisoma jibu lote la Mungu kuanzia sura ya 38. Anazungumza juu ya mbuni, farasi na mamba. Swali halijibiwi.

#24 BintiKidia
Pole mzee wangu. Kwangu hiyo ndiyo sababu siku ya hukumu lazima iwepo. Isipokuwepo, Jeddah ndiyo neno la mwisho.

#25 Nshomile wa Kyaka
Lazima iwepo kwa sababu tunaihitaji, au kwa sababu ipo? Hapo ndipo ninapolala macho.

Lakini nikuambie kilichonipata uzeeni. Nikiwaza siku hiyo zamani nilimwona Amin peke yake kizimbani. Siku hizi naona foleni, na mimi nimo. Wakati wa vita nami nilichukua vitu kwenye nyumba zilizokimbiwa. Ibrahimu alimwuliza Mungu, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Nilikuwa nalisoma kama malalamiko. Sasa nalisoma na magoti yanalegea.

#26 Mdadisi
Mzee, ulichukua nini? Samahani kwa kuuliza.

#27 Nshomile wa Kyaka
Baiskeli. Na cherehani. Cherehani niliirudisha 1981, mwenyewe alikuwa hai. Mwenye baiskeli sikumpata.

#28 Mchungaji Kijana
Nirudi kwenye neno lenyewe, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mengi. "Haki" ni ile unayoidai mahakamani, ni ile ya mtu mwema anapoitwa mwenye haki, na ndiyo iliyomo kwenye "kuhesabiwa haki kwa imani". Martin Luther aliandika mwaka 1545 kwamba aliyachukia maneno "haki ya Mungu" ya Warumi 1:17, akidhani ni ile haki ambayo Mungu huitumia kumwadhibu mkosaji. Alipoielewa kuwa haki ambayo Mungu humpa mtu bure, alisema ilikuwa kama milango ya paradiso imefunguka. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hilo.

Kwa hiyo huwa najiuliza nikiwa kwenye baraza la wazee. Mimi nimehesabiwa haki bure, halafu nakaa mezani na daftari namdai mwenzangu ng'ombe watatu.

#29 Kipimo
Neema ya bure haifuti utaratibu, mchungaji. Paulo aliyeandika Warumi ndiye aliyeandika 1 Wakorintho 5.

#30 Katekista Mstaafu
Na ndiye aliyeandika 2 Wakorintho 2, mwanangu. Kuna mtu aliyekuwa ameadhibiwa, Paulo anasema imemtosha, msameheni, asije akamezwa na huzuni. Wengi wanadhani ni yuleyule wa waraka wa kwanza. Wengine wanakataa. Hata awe nani, adhabu ilikuwa na mwisho. Hii ya miaka 31 mwisho wake ulipangwa uwe lini?

#31 Wa Makueni
Huku makanisa mengi hufanya harusi za pamoja. Wazee wenye wajukuu wanavalishwa pete siku moja, chakula ni kimoja, hakuna kadi za mchango. Kwani kwenu hakuna?

#32 Dada Hazina
Zipo, ndoa za pamoja. Tatizo mchango wa harusi umekuwa mkubwa hadi watu wanaona aibu kufunga bila ukumbi. Mtu anaishi dhambini miaka kumi akisubiri pesa ya keki. Na hili la mahari, wachungaji wengi wanasubiri barua ya wazazi wa binti. Hapo mjomba mmoja mkaidi anashika funguo za meza ya Bwana.

#33 Mdadisi
Mlio na bei za ukumbi Mwanza nitafuteni pembeni.

#34 Dada Hazina
Mdadisi, uzi wa msiba huu.

#35 Kijana wa Ziwa
Samahani kwa kupotea, tulikuwa na kikao cha kumaliza matanga. Nimesoma yote. Mzee Nshomile, nimekusoma mara mbili. Kipimo, sina kinyongo nawe, umesema usoni.

Kuna jipya. Jumatatu alikuja mzee wa kanisa, mtu mpole, alikuwa rafiki wa baba. Akamwambia mama: "Sasa kikwazo kimeondoka, mama. Uje uandikishwe mafundisho kidogo, urudi kundini." Kwa sababu haishi tena na mwanamume asiye mume wake, yuko huru.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Kikwazo ndiye mume wangu?"

Mzee yule alilia. Alisema yeye ametumwa tu.

Nisaidieni hapo. Kwa utaratibu, hawajakosea, au siyo?

#36 Kipimo
Kwa utaratibu hawajakosea. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara nne, kisha nimeiacha kwa sababu ndiyo ukweli.

Lakini nenda kwa mchungaji wako, wewe na yeye peke yenu, Mathayo 18:15. Mwambie habari za yule mfanyabiashara usoni kama nilivyokuambia mimi. Akikataa kukusikia, chukua mtu mmoja au wawili. Mstari huo haukuandikiwa wachungaji dhidi ya washirika tu.

#37 Mchungaji Kijana
Nikiwa mimi ningekuja nyumbani kwenu, bila daftari. Ningeomba radhi ya kutokuja, hata kama baraza lingeniita. Sisemi ningekuwa na ujasiri huo Alhamisi ileile.

#38 BintiKidia
Mchungaji, mama wa watu anaambiwa kifo cha mumewe ndiyo toba yake, wewe unaongelea baraza. Mnataka aseme nini kwenye hayo mafundisho? Kwamba anajuta miaka 31?

#39 Mwalimu wa Zamu
Labda wanaona hivyo ni huruma. Wamepata mlango wa kumrudisha bila kuvunja kanuni, wakaufurahia. Hawakuona huo mlango umetengenezwa na nini.

#40 Mzee Boriti
Kijana, mama amejibu nini? Amekwenda?

#41 Kijana wa Ziwa
Alikwenda jana, mzee wangu. Ilikuwa Jumapili ya chakula cha Bwana. Alivaa kitenge alichonunuliwa na baba Pasaka iliyopita, akakaa benchi la nyuma. Watu walipoanza kupita mbele, yule mzee wa kanisa alimwita kwa mkono, aende akae na wanaosubiri kuandikishwa. Mama aliinuka. Akatoka nje, akaenda kukaa chini ya mwembe, pale pale, hadi wakaimba wimbo wa mwisho. Nilimfuata nikakaa naye. Mwembe umeanza kutoa maua.